Adabu Iliyokula Jicho Langu

Msinisifu adabu. Mpaka leo, na uzee huu, mtu akisema mbele yangu kwamba mkamwana fulani ana adabu, anajua kuinamisha kichwa, anajua kujificha, moto unaniwaka tumboni. Mimi nilisifiwa hivyohivyo Ikolo nzima, na sifa zile zikaondoka na jicho langu la kushoto. Naandika haya kwa lile la kulia, na sitamung'unya maneno.

Nilizaliwa ufukweni mwa ziwa, kwa wafinyanzi. Mama yangu alifinyanga, nami nikafinyanga, na vyungu vyetu tulivichoma pale mchangani, moshi ukituingia machoni tangu tukiwa watoto wa kubebwa mgongoni. Macho mekundu kwetu yalikuwa kama udongo kwenye kucha: alama ya kazi, si ugonjwa. Mtoto akiamka kope zimegandana, mama alizilowesha kwa maji ya ziwa, akamtuma akachote udongo.

Kisha nikaolewa Ikolo, kwa wakulima wa migomba. Ulikuwa wakati wa Mjerumani, lakini mimi sheria iliyonitawala haikuwa yake. Ilikuwa sheria ya mkwe. Mkamwana hamtazami baba mkwe usoni, hatamki jina lake, hakutani naye njiani. Akimsikia anakuja, anaingia migombani, anajifunika nguo kichwani na kugeuka mpaka hatua zipotee. Ndiyo maana vijana wa huko walijenga kijiji chao kando ya kile cha baba zao, ili wake zao wapumue. Lakini shamba la mama mkwe lilikuwa upande wa pili, kwa hiyo kila asubuhi nilivuka kwenda kumsaidia kulima, na kila asubuhi nilijificha.

Mwaka wa kwanza macho yakaanza kunichoma. Jua likawa adui, hasa kwa jicho la kushoto. Nikainama zaidi, nikajifunika hata baba mkwe asipokuwapo. Wakasema, huyu kalelewa. Nikawa natembea nikipapasa migomba. Wakasema, tazameni anavyokwenda polepole. Siku moja nilimpita shangazi wa mume wangu bila kumwona, naye akapiga kigelegele: "Jamani, hata mimi ananionea haya!" Walifika mahali wakaleta mabibi harusi wapya wakae barazani wanitazame, wajifunze. Na mikono yangu nayo ilinificha, maana mfinyanzi hahitaji jicho kujua ukingo wa chungu. Vyungu vyangu vilitoka vizuri kama zamani. Nani angejua?

Aliyejua ni mama wa misheni, muuguzi wa Kizungu mwenye aproni nyeupe. Nilipeleka chungu kule, nusu siku kwa miguu, kubadilishana na chumvi. Aliponinyooshea mfuko wa chumvi, nikashika hewa. Akaweka mfuko chini, akanivua nguo kichwani mbele ya watu wote, akanishika kidevu na kupindua kigubiko cha jicho kwa kijiti. Niliona aibu kubwa. Yeye hakujali aibu yangu, na Mungu ambariki kwa hilo.

Akanieleza kwa Kiswahili chake cha kukatakata. Kope zangu zilikuwa zimejikunja kwa ndani. Kila nikipepesa, zilikwaruza jicho. La kushoto lilikuwa limekwisha. La kulia lilikuwa bado. Akazing'oa kope zile mbaya, moja moja, kwa kibano.

"Zitaota tena," akasema. "Rudi kila mwezi ukiandama. Hata kama haliumi. Hasa kama haliumi."

Hasa kama haliumi! Hilo ndilo neno lililoniletea vita nyumbani. Jicho lililozoea kukwaruzwa huacha kulalamika, na kimya chake si afya. Lakini nenda umwambie mama mkwe.

"Jicho haliumi, unamfuata nani huko misheni?" aliniuliza kila mwezi.

Nilikwenda. Nilikwenda mvua ya Kyela ikimwagika na vijito vikinifika kiunoni. Nilikwenda na mimba ya miezi minane, kisha nikaenda na mtoto mgongoni. Mara nyingine kule misheni walikuta kope tatu, mara nyingine tano. Mara moja hawakukuta hata moja, nikarudi nikiimba, na wanawake wa kijijini wakanicheka hadi wakakaa chini: nimetembea nusu siku kwenda kuambiwa sina kitu! Nikawaambia ndicho nilichofuata. Wacheke tu.

Halafu Wazungu wakaanza kupigana wenyewe kwa wenyewe. Mume wangu alichukuliwa kubeba mizigo ya askari, nami nikahamia kwa mama mkwe. Waingereza walipofika, mama wa misheni naye akachukuliwa kwa kuwa alikuwa Mjerumani, mlango ukafungwa. Mwezi mmoja ukapita, wa pili ukapita. Jicho halikuuma sana, na kwa sababu hiyo hasa nikawa naamka na hofu. Mama mkwe alijaribu kunitazama, simnyimi haki yake. Lakini macho yake ya karibu yalikuwa yamechoka, akang'oa kope nzima na kuiacha mbovu.

Alibaki mtu mmoja. Baba mkwe kwa mbali hakuona kitu, hata ng'ombe wake mwenyewe alimtambua kwa sauti. Kwa karibu, hata yai la chawa halikumpita. Watoto wa kijiji kizima waliletwa kwake kutolewa funza miguuni, na alikuwa na kibano kidogo cha chuma cha kung'olea ndevu.

Nilipomwambia mama mkwe kwamba nitamwendea mumewe, alijiziba mdomo kwa mikono miwili. "Utatuletea balaa!"

"Mama, balaa limeshakula jicho moja."

Asubuhi ile alikuwa amekaa kwenye kigoda mbele ya nyumba. Aliposikia hatua zangu akakohoa, kama alivyokohoa miaka yote, kunipa nafasi ya kujificha. Sikujificha. Nikatembea moja kwa moja hadi miguuni pake, nikapiga magoti, nikavua nguo kichwani.

"Ugonile, tata," nikamwamkia, nikimwita baba. "Nitazame jicho."

Akageukia ukutani. "Ondoka, mwanangu. Watu wanaona."

"Waone, wao wana macho. Mimi nimebakiwa na moja."

Majirani walikuwa wamesimama na majembe yao, na mmoja alikuwa ameanza kulia kama msibani. Niliogopa, nisidanganye, mwili mzima ulikuwa unataka migombani. Nikashika kigubiko cha jicho kwa vidole vyangu mwenyewe, nikakipindua, nikageuza uso juani, na machozi yakaniporomoka. Nikasema nitakaa hapo hadi mwezi ujao.

Nikasikia kigoda kikilia. Mkono wenye harufu ya tumbaku ukanishika kidevu. Aling'oa kope sita, polepole, bila kunichoma hata mara moja, na mimi kwa mara ya kwanza nikauona uso wa baba mkwe wangu. Alikuwa na kovu kwenye paji, na pua ilikuwa ya mume wangu.

"Ndaga, tata," nikashukuru.

Hakuniachia. Aligeuza kidevu changu upande wa pili, akasogea karibu, akaliona wingu jeupe.

"Na hili?"

"Hilo limekufa."

"Tangu lini? Mbona hatukuona?"

"Tangu mwaka ule mlipowaweka mabibi harusi barazani," nikasema, "mkawaambia wanitazame mimi."

Aliniachia kidevu, akakitazama kibano mkononi. Kisha akakifuta kwenye nguo yake.

"Mwezi ukiandama, rudi," akasema. "Na usipite migombani."