Baba wa Koplo

Mwenye mashine ya kusaga kutoka Susuni alirudi Jumatatu kwenye dirisha langu la chama cha akiba na mikopo cha wanajeshi, unga umemjaa hadi kwenye kucha. Raia haingii chama chetu mpaka awe mzazi, mwenza au mtoto wa askari, na ndiyo maana siku hizi anajifanya kambi nzima: anapiga kisigino sakafuni, ananiita "afande" mimi karani, kisha anaipuliza kalamu kama chai ya moto. Kwenye fomu, penye uhusiano, akaandika BABA kwa herufi kubwa.

"Koplo Mokami ni binti wa marehemu kaka yangu," alitangaza kwa sauti ya mkutano wa kijiji. "Kwetu Wakurya baba mdogo ni baba. Damu yangu ile!"

Lazima askari athibitishe, kwa hiyo nilimpigia Mokami na kuweka spika.

"Shikamoo baba."

"Marahaba, mwanangu!"

"Nilipomkimbia ngariba, uliniita jina fulani pale mashineni, mbele za watu. Unalikumbuka?"

Hapa Tarime nani asiyelijua? Mosagane: msichana asiyekeketwa, wa kutemewa mate.

"Dada karani, aliandike hapo, pembeni ya BABA. Nitathibitisha yote mawili."

Mwenye mashine akapiga kisigino, safari hii hakikulia. Akaipuliza kalamu, akaitikisa, akanirudishia.

"Afande, hii haina wino."

Ilikuwa ileile iliyoandika BABA.