Shangazi Mwanaidi Nyuma ya Pikipiki

Nakumbuka siku moja, mwanangu, pikipiki ya kliniki ilipoacha barabara pale Kilosa ikaingia katika shamba la mihogo, shangazi yangu Mwanaidi akiwa amekaa nyuma. Hakufa mtu. Shangazi alichubuka kiwiko, na Dada Inga aliyekuwa akiendesha alipoteza kiatu kimoja, kikaokotwa na Mzee Kibwana mwenye shamba. Lakini ilikuwa siku ya mtihani wa leseni, na trafiki alikuwa amesimama barabarani anatazama.

Dada Inga alikuwa nesi, mgeni, ametoka Ulaya. Si Ulaya yetu hii, kijiji cha njia ya Mikumi. Maskini, kila alipojitambulisha sokoni watu walimuuliza, "Ulaya kwa nani?" maana kule wanajuana wote. Mimi nilikuwa msichana, nampikia na kumfulia, na Kiswahili chake cha jikoni nilimfundisha mimi.

Ilikuwa ile miaka ya watu kuhamia vijiji vya ujamaa. Nyumba zilikuwa zimesimama, zahanati bado. Dada Inga alitakiwa azunguke Munisagara, Rudewa na Ulaya kupima watoto na wajawazito, na Shangazi afuatane naye, kwa sababu Shangazi alikuwa mkunga na wanawake walimwamini. Mgeni peke yake wasingemfunulia tumbo. Sasa, leseni ya kwao haikukubaliwa hapa. Mkubwa wake wa Morogoro akasema asipopata ya Tanzania kufikia mwisho wa mwezi, pikipiki itapelekwa Mikumi kwa bwana afya mwenye leseni yake. Basi wajawazito wa vijiji vile wangebaki kama walivyokuwa.

Peke yake aliendesha vizuri. Alizunguka mapipa, akapanda kilima, akafunga breki pale pale alipoambiwa. Kisha yule trafiki, Sajenti Lupogo, akasema, "Haya, sasa beba mtu." Shangazi akapanda, upande-upande kama wanawake tulivyokaa wakati ule, kwapani ameshika mkoba wake. Walipofika kwenye kona pikipiki ikalala kidogo, kama inavyolala kila pikipiki. Shangazi akaona wanaanguka. Akajitupa upande wa pili kwa nguvu zake zote, na alikuwa mtu wa mwili. Ndiyo wakaingia mihogoni.

Shangazi akatoka mle akipangusa majani. "Huyu mtoto alitaka kuniua! Nisingeivuta mimi, saa hii mnasoma hitima!"

Watu wakacheka. Salome wa Yohana, jirani yetu, akasema, "Wazungu wamezoea magari ya kufunikwa, pikipiki wataiwezea wapi." Sajenti hakucheka. Akasema Dada Inga ameshindwa, arudi baada ya miezi mitatu, ndiyo taratibu.

Jioni Dada Inga alikaa jikoni, chai imepoa mbele yake. Akaniambia, "Tunu, aliyeangusha ni Shangazi. Nimwambieje?"

"Humwambii. Mtu mzima yule. Ukimwambia amekosa, hatapanda tena na wewe, na Ulaya hutafika."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo mkalishe mbele."

Kesho yake alasiri tukaipeleka pikipiki kwenye mteremko nyuma ya nyumba za manesi, mahali ambapo wanaume hawapiti. Nikamwambia Shangazi mgeni anaomba aonje usukani kidogo, injini imezimwa, hakuna hatari. Alikataa, akakataa, halafu akakaza khanga yake akapanda kama anapanda punda. Mimi nikakaa nyuma. Dada Inga akatembea pembeni ameishikilia pikipiki, tukaanza kuteremka taratibu. Tulipofika pa kukata kona, nikajitupa upande wa pili.

Usukani ukacheza. "We Tunu! Kaa sawa, unanivuta!"

"Naogopa, Shangazi. Naona unaniangusha."

"Nakuangusha wapi, nami ndiyo naikata hivi? Ukijivuta huko mimi nitaipelekaje? Tulia na mimi, mwanamke!"

Dada Inga akaisimamisha. Shangazi alibaki pale juu, mikono usukanini, anatazama reli kule chini. Kisha akasema polepole, "Kumbe huyu mtoto nilimfanyia hivi." Akashuka, akaenda zake nyumbani hata kuaga hakuaga.

Nilidhani amekasirika. Asubuhi alikuja amevaa doti yake mpya ya khanga. Sajenti alikuwa ameshakwenda Mikumi kuwapima madereva wa malori, na mwezi ulikuwa unaisha. "Tumfuate," akasema. Tukapakia pikipiki kwenye lori la mahindi la Abdalla Mnyone, nasi tukakaa juu ya magunia mpaka Mikumi.

Sajenti alikuwa amezungukwa na madereva. Alipomwona Shangazi akavua kofia. "Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu. Nimekuja kukwambia jambo mbele ya watu, kwa sababu lile la kwanza nililisema mbele ya watu. Aliyeiangusha pikipiki ni mimi. Nilidhani naiokoa."

Dereva mmoja akaguna, "Bibi, kumbe wewe ndiye ulikuwa unaendesha!" Wakaangua kicheko. Shangazi akaacha wacheke mpaka wakamaliza. "Ndiyo," akasema, "nilikuwa naendesha kutokea nyuma, na usukani sina."

Sajenti akamtazama, akamtazama na Dada Inga. "Kama kosa si la dereva, miezi mitatu haimhusu. Pandeni."

Wakapanda. Barabarani nyani wamekaa kama wenye mali, wakaondoka kwa kusitasita. Kona ya kwanza nilimwona Shangazi amefumba macho, midomo inasoma dua, lakini mwili umelala pamoja na mwenzake. Kona ya pili alikuwa ameyafumbua. Waliporudi Sajenti alisema neno moja tu: "Amefaulu." Wiki iliyofuata walikuwa Munisagara.

Mwanangu, maisha yako hutayaendesha yote wewe. Utabebwa na mume, na kiongozi, na mwenzako wa kazi, siku nyingine na mtoto uliyemzaa. Kama humwamini, sema kabla hujapanda, na ubaki chini bila aibu. Ukishapanda, lala naye kwenye kona. Usimvute huku unajisifu kwamba unamwokoa. Na ikiwa wewe ndiye unayeendesha, na mkubwa wako anakuvuta, usimfokee. Tafuta namna akae mbele mara moja, kwa heshima, faraghani. Halafu kama ni wewe uliyekosea, lisahihishe mbele ya watu wale wale uliowajaza uongo, hata wakicheka. Kicheko kinaisha.

Mola akujalie wa kukubeba wasiokuchosha roho, na wa kuwabeba wanaokaa na wewe. Akufikishe salama, wewe na uliyempakia. Amina.