Maswali ya Tarehe Yaliyoliwa na Mchwa

Nilishuka kutoka milimani kwenda kufundisha Voi katikati ya miaka ya hamsini, nikiwa msichana wa miaka ishirini. Siku ya kwanza mwalimu mkuu alinipa chaki, orodha ya wanafunzi wangu, na kitabu chenye jalada jekundu. Kitabu hicho kilikuwa na ukurasa kwa kila siku ya mwaka, na kila ukurasa ulieleza jambo lililotokea tarehe hiyo zamani.

"Kila asubuhi kwenye paredi, baada ya sala, utawauliza swali moja," akaniambia. "Nataka watoto wajue dunia."

Nikafanya hivyo. "Siku kama ya leo, ni mfalme gani alivikwa taji?" Watoto walijibu kwa pamoja: "Daudi!" Kesho yake nikauliza ni mfalme gani alishindwa vitani. "Sauli!" Wafalme waliowajua ni wale wa shule ya Jumapili tu. Mimi nilikuwa nacheka moyoni, lakini mwalimu mkuu alikuwa hacheki.

Likizo ya Agosti nilikifungia kitabu kabatini, nikapanda kwetu kumsaidia mama shambani. Niliporudi nikakuta mchwa wamepita ukutani wakaingia kabatini. Januari hadi Agosti walituachia. Kuanzia Septemba ilikuwa udongo mtupu.

Sikuthubutu kusema. Kwa siku kadhaa nilijikokota na yale niliyoyakumbuka kutoka chuoni, kisha yakaniishia. Jumamosi moja nikaenda sokoni kununua pojo kwa mama mmoja wa mlima Kasigau, ambaye nilikuwa mteja wake tangu nilipofika Voi.

"Mbona umenuna leo, mwalimu?"

Nikamweleza yote, kitabu, mchwa na paredi ya Jumatatu. Alicheka mpaka akaweka kopo la kupimia chini.

"Kwani ni lazima yawe ya huko mbali?" akauliza. "Majira kama haya, vumbi likiwa hivi na wingu limeanza kukaa juu ya mlima, ndipo sisi tuliporudi nyumbani."

Sikumwelewa. Akanisogezea gunia nikakaa. Akasimulia kwamba wakati wa vita vya Wajerumani, yeye akiwa mtoto, serikali ya Waingereza iliwashuku watu wa Kasigau kuwa wamewasaidia maadui. Wakaondolewa wote, nyumba zikachomwa, wakapelekwa pwani. Homa na njaa zikawamaliza wengi. Ndugu zake wawili hawakurudi. Miaka mingi baadaye ndipo waliporuhusiwa kurudi mlimani.

"Mama yangu alipofika alilala kifudifudi mahali palipokuwa jikoni kwake," alisema. "Tukadhani amezirai. Kumbe ananusa udongo."

Jumatatu nikasimama mbele ya paredi. "Majira kama haya, watu wa mlima gani walirudi kwao, baada ya kuondolewa wakati wa vita vya Wajerumani?"

Hakuna aliyemtaja Daudi. Msichana mmoja wa darasa la nne, ambaye sikuwahi kuisikia sauti yake, akainua mkono nusu.

"Ni kwetu, mwalimu. Kasigau."

Wenzake wakageuka kumtazama. Saa ya mapumziko nilimwona amezungukwa, anaeleza kwa mikono miwili.

Mwalimu mkuu akaniita ofisini.

"Swali lile limeandikwa wapi?"

"Halijaandikwa, bwana mkuu." Nikamwonyesha kitabu. Alikipindua, mchanga ukamwagika mezani.

"Na tarehe? Mkaguzi akija akiuliza tarehe, utamwambia nini?"

"Nitamwambia wenyewe wapo sokoni, waulizwe."

Nilishangaa kujisikia nikisema hivyo. Nikajua kazi yangu imekwisha. Kisha akainuka, akachukua kofia yake, akaniambia nimpeleke.

Yule mama hakuonyesha woga. Alimpa mwalimu mkuu gunia lile lile la kukalia, akaanza upya tangu mwanzo huku akiwapimia watu pojo. Mwalimu mkuu, ambaye darasani hakuvumilia kusikiliza mtu kwa dakika tano, alikaa hadi adhuhuri. Aliuliza walipita njia gani, walikula nini, nani aliwabeba wazee. Mwisho akavua kofia.

"Pole, mama. Nimefundisha historia miaka kumi na minane, na hili silijui."

"Hukuuliza," akajibu kwa upole, akamfungia pojo za kwenda nazo nyumbani.

Kuanzia wiki ile, watoto walileta maswali wenyewe. Majira kama haya, reli ya Taveta ilijengwa kwa sababu gani? Majira kama haya, ndovu waliingia shamba la nani wakala mtama wote, na walifukuzwa na nani? Lile la pili lilibishaniwa siku tatu, maana kila ukoo ulidai ushujaa ni wake. Mwalimu mkuu alikuwa anasimama nyuma ya mistari akiandika kwenye daftari.

Disemba shule ilipofungwa, nilipanda lori la mizigo pamoja na yule mama, aliyenialika kwao Kasigau. Njia ilikuwa mbaya, tukarukaruka juu ya magunia matupu siku nzima. Mlima ulipojitokeza mbele yetu alinishika mkono. Nyumbani kwake alinipikia pojo kwa nazi, nikala sahani mbili, nikalala usingizi mnono kuliko wote wa mwaka ule.