Imefunga Macho, Haijafa

Kuna siku moja, mwanangu, ambayo naikumbuka hata nisipotaka. Nilikuwa kijana bado, natengeneza kompyuta pamoja na rafiki yangu Wafula katika kibanda chetu pale Kawangware 56. Wafula alikuwa na mikono myepesi na masikio mazito. Sisemi hivyo kwa kumdharau, maana nilimpenda.

Mama Kavata, mshonaji wa mtaa wa Satellite, alituletea kompyuta ya bintiye. Kavata alikuwa amefariki. Alikuwa mwimbaji wa kwaya, na ndiye aliyeiwekea mashine ile mfumo wa Linux na kuhifadhi humo nyimbo alizojirekodi. Hazikuwa mahali pengine popote. Kila jioni mama yake aliiwasha, akamsikiliza.

"Imefunga macho," mama alisema. "Jana ilisema inajiupdate, sasa kioo ni giza tu."

Nilitoka kwenda kutafuta kebo. Wafula akaiwasha, akaona giza, akatoa ile hukumu yetu mafundi wa Nairobi: kitu kisipoonyesha, kimekufa. Niliporudi alikuwa ameshamaliza.

"Hii ilikuwa imekufa, buda. Nimepiga format, sasa iko fiti."

Mwanangu, haikuwa imekufa. Mfumo ulikuwa umesasishwa, draiva, ile programu inayoendesha kadi ya picha, ikabaki ya zamani, viwili hivyo vikakosa kuelewana. Ndani kila kitu kilikuwa kizima, mpaka format ilipokifuta.

Mama Kavata alirudi, akakiona kioo kinang'aa, akatabasamu. Kisha akaanza kutafuta.

"Sasa Kavata wangu ako wapi hapa?"

Wafula alijaribu kueleza. Mama akamkatiza polepole. "Nilikuambia imefunga macho. Kwani kwenu mtu akifunga macho mnamzika?"

Hakututukana. Heri angetutukana. Tulifukua tulichoweza kutoka kwenye diski, tukapata vipande visivyoimba. Maji yaliyomwagika hayazoleki. Wafula aliacha ufundi akarudi kwao Bungoma, na hata leo tukiongea kwa simu hataki kabisa kusikia habari za kompyuta. Mimi nilibaki, lakini huzuni ya siku ile haijanitoka.

Basi nyinyi mnaojua kila kitu kwa kutazama video, nisikilizeni. Kioo kikiwa giza, usikimbilie format. Iwashe upya, na kwenye menyu ya kuwashia uchague kernel ya zamani, yaani kiini cha mfumo kilichokuwapo kabla ya kusasishwa. Ikifunguka, nakili kwanza vitu vya mwenyewe, ndipo uiondoe draiva na kuiweka tena. Na kabla ya hayo yote, muulize mwenye mashine kuna nini ndani, umsikilize neno kwa neno, usimbadilishie usemi wake. Kuuliza si ujinga.

Mungu akutunze, mwanangu, akujalie subira. Na kila mama atakayeingia kibandani kwako, atoke na yule aliyeingia naye.