Mikono Miwili Ukutani

Siku ya kwanza kazini nilizama. Si kuzama kwa kufa. Kiuno kilishuka tu, miguu ikafuata, nikabaki nimesimama wima katikati ya bwawa. Nilikulia Kiswere, kwenye bahari inayokubeba hata ukijilaza. Maji ya bwawa hayana chumvi, hayambebi mtu namna ile; lazima ujibebe mwenyewe. Ninyi mnaoanzia bwawani hamlijui hilo, kwa kuwa hamna cha kulinganisha.

Nilikuwa kuruta, nimechukuliwa kwa majaribio baada ya maofisa wa kikosi cha jeshi kuja Kilwa Masoko kutafuta waogeleaji. Shule nilikuwa nimeiachia darasa la sita nikavue; wazazi wetu walifariki nikiwa kijana, majuma machache kabla ya maofisa hao kuja. Nyuma yangu walikuwapo wadogo watatu: Salumu, Rehema na Zuhura, aliyekuwa bado ananyonya kidole. Baada ya arobaini, ukoo ulikaa kuwagawana: mmoja Kikole akalime, mmoja Lindi, mmoja kwa mjomba. Nikamwomba baba mdogo awaache wote kwa shangazi pale Masoko, nami nitawatunza.

"Kwa kazi gani?"

"Kuogelea."

Wazee walicheka, mmoja akavua kofia ajipepee. Baba mdogo hakucheka. "Haya. Ukiajiriwa, watabaki pamoja. Usipoajiriwa, usije ukanilaumu."

Ajira ilitegemea mashindano ya uteuzi. Kocha Mkuu, sajini mfupi mwenye filimbi shingoni, aliniweka katika kipepeo, mtindo ambao mikono yote miwili hurushwa mbele kwa pamoja na miguu hupiga maji kama mkia wa pomboo. Akaniweka pia katika mchanganyiko, ambao mtu mmoja huogelea mitindo yote minne: kipepeo, mgongo, chura, kisha mtindo huru. Katika kipepeo na chura, ukifika ukutani sharti uguse kwa mikono miwili kwa mpigo mmoja.

Hapo ndipo Kiswere iliponiponza. Kwetu anayeogelea kurudi chomboni huwa na samaki au kamba ya wavu mkono wa kushoto. Akifika, hudaka ubavu wa mtumbwi kwa mkono wa kulia. Tangu utotoni sikuwahi kufika popote kwa mikono miwili.

Katika mbio za kipepeo niliwaacha wenzangu wote. Mwamuzi akainua mkono: nimeondolewa.

"We mtu wa Kiswere," sajini alifoka, "huo ni ukuta au mtumbwi wa baba yako?"

"Samahani, afande. Mkono mmoja huwa na samaki."

"Samaki yuko wapi?"

"Hayupo, afande."

"Basi lete na mkono wake!"

Ilibaki mbio moja, ya mchanganyiko. Nilimweleza sajini habari za wadogo zangu. Alichana kitambaa, akanifunga viganja pamoja, akanitupa majini. Wenzangu wakila, mimi nilikuwa napiga miguu kuuendea ukuta, narudi, nauendea tena, mpaka viganja vikaacha kubishana.

Siku ya mbio sikumtazama mtu. Kipepeo, mikono miwili. Mgongo, macho kwenye vibendera vinavyotundikwa juu kukujulisha kwamba ukuta u karibu. Chura, mikono miwili. Kwenye mtindo huru nikafungulia nguvu zote zilizosalia. Nilimaliza wa pili, na waliotakiwa walikuwa wawili. Sajini alinirushia taulo. "Mwandikie baba yako mdogo," alisema.

Wadogo zangu hawakugawanywa. Mimi nikahamishwa kambi hadi kambi, nikiogelea, kisha bega lilipochoka nikafundisha. Mkuu wa Michezo, kanali asiyejua kuogelea, alikuwa akisema, "Likizo ni ya timu iliyoshindwa." Timu yetu ilishinda mno. Idi baada ya Idi ilinikuta kando ya bwawa, nanusa dawa ya maji, nawaza pilau ya shangazi na nani sasa anamsuka Zuhura nywele.

Nilipostaafu nilirudi Masoko. Shangazi alikwisha kutangulia mbele ya haki, lakini wale watatu walikuwapo, kila mmoja na familia yake, nyumba zao zinatazamana. Jioni ya kwanza walinikusanyikia. Zuhura, mama wa watoto sasa, alinipa shikamoo, akaninawisha, akaniletea kiti chenye mto. Wao walikaa mkekani.

"Salumu, sogeza miguu yako, mchafu we!" alisema. Kisha akanigeukia kwa adabu. "Karibu, kaka. Jisikie nyumbani."

Salumu akataja neno moja tu, jina la mbuzi fulani, na wote watatu wakaangua kicheko. Nilitoka kitini nikaketi kati yao. Wakanisogelea kwa upendo, wakaanza kunieleza habari ya huyo mbuzi tangu mwanzo: alikuwa wa nani, aliingiaje jikoni, shangazi alisema nini. Ilikuwa habari ndefu. Walipoimaliza, hakuna kati yao aliyecheka tena.

Nikacheka mimi, kwa sauti, ili waendelee.