Kinanda Kilichojipiga Chenyewe

Nilimwonea wivu mume wa mdogo wangu wa kike, na kinachonitia haya zaidi ni kwamba mkono wake wa kuume una vidole viwili tu. Mimi nina vidole vyangu kumi, vizima, na nilikuwa nimepiga kinanda cha korali yetu miaka kumi na minne. Sijawahi kulisimulia jambo hili lote kwa mtu mmoja. Mke wangu anajua nusu, dada yangu anajua nusu nyingine.

Shemeji alikuwa mbebaji wa mizigo katika bandari ya Kalundu, ziwani. Siku moja boti la mizigo lilikuwa likifungwa, wimbi likalisukuma, na mkono wake ukabanwa kati ya kamba na chuma cha gati. Vilivyobaki ni gumba na kidole cha pili. Magunia hakuyaweza tena. Wenye maboti wakampa kazi ya kuandika orodha za mizigo inayokwenda Baraka na Kalemie, naye akajifundisha kuandika kwa mkono wa kushoto. Katika korali aliimba besi, mstari wa nyuma. Noti za muziki hakuzijua hata moja. Kinanda changu hakuwahi kukigusa, nami sikuwahi kumkaribisha.

Mashine iliyoleta mambo haya yote niliipata mimi. Padiri alituomba tusafishe depo, ghala la parokia, na chini ya mikeka na vitabu vilivyoliwa na mchwa tukakuta ordinateri, yaani kompyuta, ya zamani, ya kijivu, mashine na vitufe vyake kitu kimoja, pamoja na skrini ndogo na boksi la disketi. Wazee walisema ililetwa na padiri mmoja aliyefundisha nyimbo, kabla mimi sijaingia korali, na aliporudi kwao aliiacha imefungwa kwa kitambaa cha altare. Waimbaji wenzangu walicheka. Walisema simu zao zina nguvu kuliko lile sanduku. Mimi nililigeuza. Ubavuni niliona matundu mawili ya mviringo, na juu yake herufi nne: MIDI. Matundu kama hayo yalikuwa nyuma ya kinanda changu. Nilikuwa nimeyafuta vumbi miaka yote bila kujua kazi yake.

Fundi wa redio wa Kavimvira alinitengenezea waya, akanieleza. Mashine ile haihifadhi sauti, alisema. Inahifadhi amri: noti gani, saa gani, kwa nguvu gani, iachwe lini. Inazituma kwa waya, na kinanda kinatii. Ukizima mashine bila kuandika kazi yako kwenye disketi, yote yanapotea. Disketi zilizofunguka katika boksi zilikuwa tatu tu.

Jumamosi ya kwanza nilipiga wimbo wa kuingilia Misa, wimbo ninaoujua kuliko jina langu, nikairuhusu mashine iurekodi. Kisha nikautazama kwenye skrini. Kila noti ilikuwa kipande cha mstari mweusi, na kila kipande kilitakiwa kuanza kwenye mstari wa pigo lake. Vyangu havikuanza hapo. Vilikuwa vimetawanyika huku na huku kama watu waliochelewa kufika kikao. Nikarudia mara nne. Mara ya nne ilikuwa mbaya zaidi. Nikaizima mashine, nikamwambia padiri imeharibika.

Ndipo shemeji akaja nyumbani. Alikaa, akanywa chai, akauliza habari za watoto, na alipokuwa karibu kuondoka akasema neno lililomleta.

"Shemeki, minye sijui kupiga. Lakini iko wimbo mu kichwa, inanisumbua tangu mkono iumie. Ile mashine yako, unaweza kunionyesha?"

Nilimwambia imeharibika. Akasema si neno, atajaribu hata ikiwa imeharibika. Ningekataaje? Dada yangu alikuwa ameketi pale, akinitazama usoni. Nikampa ufunguo wa chumba cha korali, na moyoni nilijua atarudi baada ya siku mbili na ufunguo wake mkononi.

Hakurudi. Kila alipotoka bandarini alipita parokiani, na umeme ukiwapo alikaa mbele ya skrini ile ndogo. Hakupiga kitu. Aliweka noti moja moja, kwa panya wa ile mashine, kile kidude cha kusukuma mezani, kwa mkono wa kushoto. Akiweka noti, anasikiliza. Si yenyewe, anaishusha. Anasikiliza tena. Nilimkuta siku moja akitafuta noti moja kwa muda ambao mimi ningepiga Misa nzima, nikacheka kimoyomoyo, nikaenda zangu nimefurahi.

Baada ya miezi mitatu hivi alituomba tusikilize. Korali yote ilikuwepo, watu zaidi ya thelathini. Aligusa kitufe kimoja, akarudi nyuma kama mtu aliyewasha moto. Kinanda changu kikaanza kujipiga chenyewe.

Nilikuwa nimekaa mbele ya kinanda, kwenye kiti changu. Mikono ilikuwa magotini. Besi iliingia kwanza, ikitembea pole, kisha sauti ya filimbi juu yake, kisha vitu vingine ambavyo sikujua kinanda changu kinavyo. Ilikuwa na mwendo wa wabebaji wanaoshusha mzigo, ule wa kuitikiana, lakini umegeuzwa sala. Kulikuwa na mahali ambapo kila mtu angetegemea wimbo upande, nao ukashuka. Wimbo ukaisha. Mama mmoja wa sauti ya kwanza alikuwa akifuta macho. Maestro wetu, mwongozaji wa korali, mtu asiyesifu, alimwomba shemeji aurudie, na mara ya pili watu wakaanza kuitikia bila kufundishwa.

Mtoto mmoja aliuliza kwa sauti kwa nini mimi nimekaa pale kama sifanyi kitu. Watu wakacheka. Nami nilicheka.

Kuanzia siku hiyo sikupata raha. Maestro aliamua kwamba siku ya mkutano wa korali, ambapo wangekuja waimbaji wa Mutarule na wengine kutoka Bijombo, juu milimani, sisi tutaimba wimbo wa shemeji, na mashine ndiyo itakayopiga. Kila zoezi nilikaa kwenye kiti changu, mikono magotini, nikisikiliza wimbo ule mara sita, mara saba. Watu njiani walinisalimu wakaniuliza habari za shemeji. Mama yangu mwenyewe alisema, mbele ya wageni, kwamba Mungu amemnyang'anya mkwe wake vidole akampa kitu kikubwa zaidi. Mimi alinilipia masomo ya kinanda kwa masista tangu nina miaka tisa. Nilitoka nje nikaenda kutazama mihogo.

Ningekuwa na mtu wa kumchukia ingekuwa rahisi. Lakini shemeji alikuwa mpole. Kila mara alinigeukia, "Shemeki, weye unasema je?", na kila mara nilisema ni sawa.

Ijumaa moja, zikiwa zimebaki siku kumi na sita, niliachiwa kufunga chumba. Disketi ya wimbo ilikuwa juu ya meza. Ndani ya kifuniko cha boksi la zile disketi kulikuwa na mchoro wa sumaku uliopigwa msalaba, na nilijua maana yake. Spika yetu kubwa ilikuwa wazi kwa nyuma, bati lake lilikuwa limeng'oka zamani, na sumaku yake ilionekana, nene kama mkate. Sikukasirika wakati ule. Niliibandika disketi pale, nikafunga mlango, nikaenda nyumbani nikala vizuri. Jumapili nilifika wa kwanza, nikairudisha mezani.

Ilipokataa kufunguka, shemeji hakupiga kelele. Aliitoa, akaifuta kwa pindo la shati, akairudisha. Alifanya hivyo mara nyingi sana. Mwishowe akasema tu, "Imekufa." Alikuwa na nakala kwenye disketi ya pili, ikagoma pia, ile ilikufa yenyewe, kwa uzee, na Mungu ni shahidi yangu kwamba hiyo sikuigusa. Lakini nani angetenganisha?

Dada yangu alinieleza kwamba siku mbili mumewe hakula. Siku ya tatu akaja kwangu. Nilifikiri amejua. Nilimwona akivuka barabara na nikaanza kutafuta maneno.

Alikuja kuomba msaada. Alisema noti nyingi amezisahau, kwa sababu hakuwa anazijua kwa majina, alikuwa akizipata kwa kutafuta. "Wengine walikuwa wanaimba," akasema. "Weye ulikuwa unasikiliza. Nilikuona."

Tulifanya kazi siku saba, kila alasiri, yeye kwenye mashine na mimi kwenye kinanda. Na hapo nikagundua kitu ambacho hadi leo sijui nikiite nini. Wimbo wote ulikuwa ndani yangu. Nilijua besi, nilijua filimbi, nilijua mahali ambapo ngoma inakaa kimya kwa pigo moja. Kwa zile wiki za chuki nilikuwa nimeusikiliza kuliko nilivyowahi kuusikiliza wimbo wowote, nikitafuta kosa, na kosa sikulipata, lakini wimbo niliupata. Nilipiga, yeye akaandika, akihifadhi kwenye disketi ya tatu. Pale wimbo unaposhuka nilipiga noti moja ambayo haikuwa yake. Aliinua kichwa.

"Hii sikuiweka."

"Ni kweli."

Akaisikiliza mara tatu. "Iache," akasema.

Siku ya mkutano kanisa lilijaa hadi nje. Watu wa Bijombo walikuwa wamefika na matope ya mlimani kwenye viatu. Wimbo ulipofika pale unaposhuka, nilisikia noti yangu ikipita ndani yake, na hakuna mtu hata mmoja aliyejua ni ya nani, na nilitaka kusimama juu ya benchi niwaambie. Baadaye maestro alisema mbele ya wote kwamba bila mimi wimbo ungepotea. Shemeji akanikumbatia kwa mkono wake ule. Sifa zile nilizozitamani wiki zile zote zilinifikia, na sikuweza hata kuwatazama watu.

Nilikaa nazo wiki tatu. Kisha asubuhi moja nilishuka Kalundu, mahali ambapo akina mama huanika ndagala, dagaa wa ziwani, nikamkuta na orodha zake za mizigo, nikamwambia. Sikupamba. Nilimwambia kuhusu spika, nikamwambia nilijua nilichokuwa nafanya.

Aliendelea kuandika hadi mwisho wa mstari. "Minye nilifikiri ni joto iliua disketi," akasema. Kisha akauliza, "Kwa nini?"

Nikamwambia nilimwonea wivu. Alinitazama kama mtu aliyeambiwa jambo kwa lugha asiyoijua. Akautazama mkono wake, akanitazama mimi, mikono yangu yote miwili, na nikatamani ziwa linimeze. Hakunitukana. Alisema ana kazi.

Kesho yake aliomba ruhusa ya padiri, akaihamishia mashine nyumbani kwake, na kinanda kidogo cha kuazima cha kuisikilizia. Dada yangu hakunisemesha hadi mvua zikaisha; alikuwa akimtuma mtoto alete salamu, salamu fupi. Kwa wengine shemeji hakusema neno. Hilo nalo lilinichoma, kwamba hata katika hili alikuwa mtu mzuri kuliko mimi.

Siku hizi mimi napiga Misa ya kwanza kwa mikono yangu, na Misa ya pili ni nyimbo zake, mashine akiileta na kuirudisha mwenyewe. Ya kwanza ikiisha siendi nyumbani. Nakaa nyuma, karibu na mlango, nasikiliza. Ametunga nne nyingine. Mbili si nzuri sana, na nakiri kwamba Jumapili za hizo mbili natembea mwepesi. Zile nyingine mbili zinanirudisha kwangu nimenyamaza, na mke wangu ameacha kuuliza.

Mwezi uliopita alikuja mwenyewe, mara ya kwanza tangu siku ile. Hakuingia ndani. Alisema kuna akina mama wawili wa korali ya Mutarule wanaokuja kwake kila Alhamisi kujifunza mashine, nao wanataka kujua majina ya noti, na yeye majina hayo hajui mpaka leo. Angetafuta mtu mwingine, lakini huyo mtu hayupo. Nilijibu nitafikiri. Kusema kweli kilichonijia kwanza hakikuwa shukrani. Niliwawaza wale akina mama wawili wamekaa karibu naye mbele ya skrini, wakimwona akitafuta noti, na niliwaonea wivu wao pia.

Alhamisi nilikwenda. Dada yangu alifungua mlango, akasogea nipite, akaenda kuleta kiti. Shemeji aliwaambia wageni kwamba huyu ni kaka wa mke wake, anajua kinanda. Hakuongeza wala hakupunguza. Nikakaa, nikawauliza akina mama kama wanaijua do, noti ya kwanza. Mmoja alisema anaisikia lakini hajui inakaa wapi. Nikamwonyesha.