Dalili Chini ya Chokaa

Siku ya kwanza Silima kumtia Rasha machoni, Rasha alikuwa amelala kifudifudi kwenye ngazi za nyumba ya Bi Muzdalifa, Kiponda, shavu lake juu ya kipandio cha tatu na jicho moja kalifumba. Silima alikuwa anapanda na ndoo ya chokaa. Akasimama. Hakujua kama apite, arudi, au aite watu kwamba mtu kaanguka.

"Shikamoo, fundi," Rasha akasema bila ya kuinuka. "Nipe dakika moja, usinikanyage. Hiki kipandio kirefu kuliko wenzake. Ulikuwa unajua?"

"Marahaba. Nnajua. Kila mgeni hujikwaa hapo."

"Basi nnakichukua," akasema, akakipiga picha kwa simu, akainuka na kujipangusa vumbi.

Silima alikuwa na miaka hamsini na miwili, thelathini na tano kati ya hiyo kaimaliza kwenye majumba ya Mji Mkongwe, na hakuwahi kumwona mtu akichukua kipandio. Alitaka kuuliza, lakini kuuliza hakukuwa kazi nyepesi kwake. Aliacha skuli darasa la saba, na tangu hapo alizoea kuzungumza na mawe zaidi kuliko watu.

Bi Muzdalifa ndiye aliyemweleza. Yeye ndiye mwenye nyumba, akikaa chumba cha chini na kushona kofia za mkono.

"Huyo mpangaji wangu wa juu," akasema, sindano mdomoni. "Mtoto wa watu wa Mkunazini, wazee wake walikuwa na mashamba Kidichi enzi zao. Alikuwa mapokezi hotelini, kazi nzuri, kiyoyozi. Kaacha. Sasa anatengeneza gemu. Kazi yake kuuwa watu kwenye kompyuta."

Haukuwa uongo. Gemu ya Rasha ilikuwa ya mtu anayeingia nyumba kubwa ya kale kutafuta funguo, na chini ya nyumba hiyo mna mahandaki, na kila hatua ina hatari yake. Mikuki huchomoka sakafuni. Mashoka hubembea mlangoni. Sanduku la njumu, mfano wa yale wanayopewa maharusi, ukilifunua lina meno. Rasha alikuwa na mwenzake Dar es Salaam aliyeandika hesabu za kompyuta, lakini mitego yote ilikuwa yake yeye.

Aliijua mitego tangu mdogo. Kwao walikuwa na pleisteshen, na pedi ya kuchezea haikutoka mikononi mwa kaka zake wanne. Yeye alikaa nyuma yao mkekani, akitazama na kuhifadhi. Ijumaa tu, wanaume wakenda msikitini, ndipo alipoishika pedi, mpaka asikie viatu vya kaka zake mlangoni. Na katika gemu waliyokuwa wakicheza, ukifa unarudishwa mwanzo.

"Kwa hivyo nilijifunza kutokufa," alimwambia Silima siku moja. "Sikuwa na muda wa kufa."

Alikuwa anampandia Silima juu ya dari, anamfuata uani, anamkalia kwenye gunia la mchanga. Aligundua mapema kwamba fundi huyu ukimuuliza habari zake anainama, na ukimuuliza habari za ukuta anasema mpaka chai inapoa. Basi akawa anamuuliza ukuta.

"Mtego una sharti moja," alisema asubuhi moja chumbani kwake, Silima akirekebisha bawaba ya dirisha. "Lazima utoe dalili. Jiwe liwe na rangi nyengine, vumbi lidondoke, kitu. Mtu akifa aseme, kosa langu, niliona nikapuuza. Mtego usiotoa dalili si mtego. Ni uonevu. Sasa niambie, sakafu ya nyumba kama hii, kabla ya kuanguka, inatoa dalili gani?"

Silima akashikilia bisibisi bila ya kuizungusha.

"Huanza unga," akasema, akiiambia bawaba. "Unga wa mti, mwembamba, unadondoka chini. Halafu mlango unagoma kufunga. Halafu ufa, pale sakafu inapokutana na ukuta. Mwembamba kama uzi."

"Na inaanguka katikati."

"Hapana."

"Katikati ndiko kunakolemewa, fundi."

"Boriti haivunjiki katikati. Inaoza kichwa, kile kilichoingia ukutani, maji yakikosa pa kutokea. Wewe unaona katikati pazima, unasema nitembee kandokando ndiko salama. Huko huko ndiko unakoondoka nako."

Rasha akacheka kwa furaha. "Wallahi, umeniharibia gemu nzima na umenitengenezea. Wachezaji wote hupita kandokando ya ukuta. Nitawamaliza." Kisha macho yake yakatua juu ya meza yake. Ilikuwa imebanwa ukutani, na chini yake betri kubwa ya umeme, nzito kama jiwe la kusagia. Akainama, akapitisha kidole pale sakafu ilipokutana na ukuta. Peupe, laini, hapana hata mkwaruzo.

"Kwangu hapana ufa," akasema.

Silima akakusanya vyombo vyake, akaaga, akashuka. Bawaba aliiacha na skurubu moja.

Kwa sababu ufa ulikuwepo. Miaka sita nyuma, Bi Muzdalifa alitaka sakafu inayong'ara kama ya hotelini. Sakafu ya kale ilikuwa ya chokaa na kokoto, iliyopondwa kwa vigongo na wanawake wa zamani, na baba yake Silima alimfundisha kwamba chokaa inapumua na saruji haipumui. Alijua. Lakini kumkatalia Bi Muzdalifa kulitaka maneno, na kutia saruji kulitaka mwiko tu. Akatia, juu sakafuni na ukutani. Ikang'ara. Majirani wakaja kuitazama na wakamwita atie saruji na kwao. Mwaka wa pili akauona ufa, akauziba, akaupaka chokaa. Tangu hapo, kila mvua ikipita, alijitafutia sababu ya kupanda ngazi zile na ndoo yake. Hata ile siku ya kipandio cha tatu, ufa huo ndio uliompeleka.

Mvua za masika zikaja kwa nguvu. Silima akawa hatulii. Akianza kazi Sokomuhogo anaiacha nusu, miguu inampeleka Kiponda. Anasimama mkabala na nyumba, anatazama dirisha la juu, anaondoka, anafika Darajani, anarudi. Sala zikawa zinampotea rakaa. Nyumbani mkewe alimuuliza kama meno yanamuuma, akasema ndiyo, kwa kuwa lilikuwa jibu fupi.

Siku ya nne akaingia kumsalimia Bi Muzdalifa. Alikuwa kitandani kwake, anapangusa kofia nyeupe kwa upindo wa kanga.

"Tazama uchafu huu, fundi. Kofia ya bwana harusi, nnaifuta, unadondoka mwengine. Unga huu unatoka wapi?"

Silima akatazama boriti za dari. Akatazama kofia. "Nitaangalia," akasema. Akatoka tena nje, akasimama chini ya mchirizi unaomwagika mpaka kanzu ikamgandia mwilini.

Ndipo Rasha alipomwona kutoka dirishani. "Fundi! Panda, gemu imekwisha. Nnataka wewe uwe wa kwanza."

Akapanda. Rasha akamvutia kiti kwenye meza ya ukutani.

"Kaa."

"Nimezoea kusimama."

Akampa pedi, akamwonesha vidole vikae wapi. Silima alisimama katikati ya chumba, maji yakimchuruzika, akamwendesha mtu mdogo mwenye kilemba ndani ya kioo. Alikuwa mchezaji mbaya mwenye macho mazuri. Kwenye ngazi akakiruka kipandio cha tatu. Sanduku la njumu hakuligusa. Kwenye ukumbi wenye unga sakafuni akakaa mbali na ukuta, na sakafu ikaporomoka kandokando yake bila ya kumpata.

"Mwalimu huyo," Rasha akasema, akipiga kofi moja. "Sasa pita mlango huu, upumzike. Kila gemu ina chumba cha kupumzika. Hapa hapafi mtu."

Mlango ukafunguka. Kilikuwa chumba kile kile walichosimama. Dirisha lile, bawaba ya skurubu moja, meza ukutani, na chini ya meza ukingo mweupe, laini, usio na mkwaruzo.

Silima akaondoa kidole. Mtu wa kilemba akasimama mlangoni.

"Ingia, fundi. Mbona unagoma? Hapa nimechora chumba changu."

"Haingii huyu."

"Kwa nini? Dalili hapana."

Akaiweka pedi kitini. Akatoa patasi kwenye mfuko wake, akapiga magoti mbali kidogo na ukuta, akanyoosha mkono, akaanza kukwaruza. Chokaa ikatoka magamba, tabaka juu ya tabaka, mwaka juu ya mwaka. Chini yake ufa haukuwa tena uzi. Kidole chake kikaingia mpaka pingili ya pili, kikatoka na kitu cheusi na laini kama ugoro. Hicho kilikuwa kichwa cha boriti.

"Nimezipaka mimi," akasema. "Dalili. Kila mwaka. Saruji pia niliitia mimi, na nnajua haitakiwi."

Rasha alikitazama kile kidole, kisha uso wa mwenye kidole. "Ulinitajia dalili zote kwa mdomo wako," akasema polepole, "na zangu ukazifuta." Halafu sauti ikambadilika. "Bi Muzdalifa yuko chini hapa hapa?"

"Kitandani."

Wakashuka mbio. Bi Muzdalifa hakutaka kutoka. Alisema kuna mvua, alisema amevaa kanga ya ndani, alisema kofia imebaki duara moja. Rasha akamfunika buibui na kumtoa kwa kumshika mkono mpaka baraza ya jirani, huku kofia na sindano haviachi. Silima akarudi juu peke yake, akipita katikati, akatoa kompyuta, akatoa meza, na mwisho akaiburura betri kwa kamba kutoka mlangoni. Akenda kutafuta magogo ya kuegemezea dari. Alipokuwa njiani nayo, adhana ya alasiri ikiisha, upande wa ukutani ukashuka kwa pamoja, boriti sita na saruji yake juu ya kitanda kitupu.

Watu wakajaa. Bi Muzdalifa alitazama vumbi likitoka mlangoni mwake. "Na ilikuwa inang'ara, majirani wote wakaitaka na kwao," akasema, akachomeka sindano.

Siku tatu baadaye Rasha alihama. Alikuwa anakwenda kwa shangazi yake Jambiani kwanza, kisha Dar es Salaam kwa mwenzake wa hesabu, na Silima hakumwona tena baada ya hapo. Lakini siku hiyo alikuja, akaichukua betri begani mpaka barabarani ilipokuwa gari, akaiweka chini kama anayeweka mtoto. Maneno alikuwa ameyaandaa kwa siku zote tatu.

"Bi Rasha, nisamehe."

"Nshakusamehe," akasema Rasha, akaingia garini.

Silima akabaki amesimama, mikono haijui pa kukaa. Kioo cha gari kikateremka. Rasha hakuwa anamtazama yeye. Alikuwa anatazama nyuma yake, vichochoro, madirisha ya juu yaliyoanikwa nguo, watoto wakining'iniza miguu.

"Fundi Silima."

"Naam."

"Zile nyumba nyengine ulizozitia saruji ni ngapi?"